Mvua ya Mfereji Wako Hainyeshi Mombasa: Namna ya Kuupanga Mwaka wa Maji Nyumbani

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu yaliyosimama juu ya Kisauni hayakwambii kama mfereji utatoa maji wiki ijayo. Maji ya mji huu yanatoka mbali: Chyulu na Kilimanjaro, vilima vya Ngong, Shimba Hills. Ndiyo maana Mei mvua inamwagika barazani na mfereji umekauka koo. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kujua mapema ni lini maji yatapungua kwako, kwa nini, na uwe na lita ngapi ndani siku hiyo ikifika.

Jua kwanza unakunywa maji ya wapi

Vyanzo vikubwa ni vinne. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, zinaleta maji kwa bomba la kilomita kama 220 lililolazwa miaka ya 1950. Chemchemi za Marere ziko Shimba Hills. Baricho, chanzo kikubwa kuliko vyote, ni visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kando ya mto Sabaki, Kaunti ya Kilifi. Tiwi ni visima vya Kwale.

Tofauti ya kuishika ni hii: maji ya Mzima na Marere yanashuka yenyewe kwa mteremko, ya Baricho na Tiwi yanasukumwa na pampu za stima. Stima ikikatika Baricho, Mzima haina habari. Bomba la Mzima likipasuka njiani, Baricho haina habari.

Kwa kawaida Kisauni na Nyali zinaegemea Baricho, Likoni inaegemea Tiwi, upande wa Changamwe unaegemea Mzima na Marere, na kisiwani maji huchanganyika. Usikubali hayo kwa mkumbo, maana koki zikifungwa na kufunguliwa maji hubadilisha njia. Uliza ofisi ya maji ya eneo lako unalishwa na tangi kuu lipi: Nguu Tatu ni mlango wa maji ya Baricho, Mazeras ni wa Mzima. Kisha hakikisha mwenyewe. Kila tangazo la kufungwa kwa chanzo likitoka, andika tarehe, na andika mfereji wako ulikauka baada ya saa ngapi. Matangazo matatu yanatosha kukupa jibu, na saa hizo ndizo nafasi yako ya kujaza vyombo safari ijayo.

Mlima una mwendo wake, mto una wake

Chyulu ni milima ya volkano, na juu yake hakuna mto hata mmoja. Mvua na ukungu wa msitu huzama kwenye mawe yenye vitundu, maji yakatembea chini kwa chini polepole, yakatokea Mzima. Kwa hiyo vuli moja ikikosa kunyesha, Mzima haiyumbi. Misimu inayokosa mfululizo, kama ilivyokuwa kuanzia vuli ya 2020 hadi mwisho wa 2022, ndiyo ya kuogopa, na madhara yake huchelewa kuonekana na huchelewa kuondoka. Usihesabu barafu ya Kilimanjaro hapa. Mchango wake kwenye mito ni mdogo, na kinacholisha chemchemi ni mvua na ukungu wa ukanda wa msitu. Msitu ukichomwa kwa makaa, hasara ni ya Mombasa vilevile.

Kuna jambo watu hulikosea. Bomba la Mzima huchukua sehemu tu ya maji ya chemchemi, mengine yakaingia mto Tsavo. Mfereji wa Changamwe ukidhoofika Februari, mara nyingi chemchemi haijapungua. Bomba ni lile lile, watu wameongezeka, joto limezidi, na kila nyumba inachota kwa pamoja. Kungoja mvua ya Chyulu ikuondolee shida hiyo ni kupoteza wakati.

Sabaki ni habari nyingine. Mto huu huanza kama Athi kutoka vilima vya Ngong na nyanda za Kikuyu, ukapokea mto Nairobi na uchafu wake, ukapita Fourteen Falls, ukaambaa na uwanda wa Yatta. Ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, na karibu na bahari ndiyo Sabaki. Huo hupanda na kushuka kwa mvua ya bara: hujaa Aprili na Mei, hujaa tena Novemba na Desemba, na kati yake hukonda mara mbili.

Kukonda kwa kwanza ni Februari na Machi, mwisho wa kaskazi, na kila mtu anakutarajia. Kwa pili ni Agosti hadi Oktoba, na hapo ndipo watu wa Mombasa hudanganyika. Wakati wa kusi sisi hupata manyunyu, tukadhani mambo ni mema, kumbe huko bara ni kiangazi kirefu na mto umebaki michirizi kwenye mchanga. Mto ukishuka, maji ndani ya visima vya Baricho hushuka nao, kwa sababu mchanga ule hulishwa na mto.

Mto ukifurika, shida hugeuka sura. Maji yapo tele, lakini nguzo za stima huanguka, kingo za mto humomonyoka, paipu hung'olewa, pampu husimama. Basi nyumba inayoegemea Baricho ina vipindi viwili vya ukame na viwili vya mafuriko vya kujihadhari navyo, na vya mafuriko huja ghafla zaidi. Kanuni ya kutumia ni rahisi: ukisikia Nairobi na Machakos zimenyeshewa mvua kubwa siku mbili tatu mfululizo, jaza vyombo vyote siku hiyo hiyo. Wimbi la maji huchukua siku kadhaa kutelemka hadi Baricho, na siku hizo ni zako. Bahari ya Malindi ikishageuka rangi ya udongo, umechelewa.

Taarifa za kufuata, na namna ya kuzisoma

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa masika karibu na mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, na wa vuli karibu na mwisho wa Agosti au Septemba. Usisome ukurasa wa Pwani pekee. Soma Kajiado, Makueni na Taita Taveta kwa ajili ya Mzima. Soma Nairobi, Kiambu na Machakos kwa ajili ya Baricho. Kwale ni kwa Marere na Tiwi.

Utabiri hutolewa kwa mafungu matatu: juu ya wastani, karibu na wastani, chini ya wastani. Ukiona asilimia 45 kwenye «juu ya wastani», usiandae ngalawa. Maana yake fungu hilo limepata uzito kidogo zaidi ya theluthi yake, na bado kuna asilimia 55 ya mambo kwenda vingine. Upange nyumba yako kwa fungu baya, ufurahie likija jema.

Utabiri wa vuli huaminika kuliko wa masika, kwa sababu vuli hufuata sana joto la bahari. Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, au El Niño ikiwepo, vuli huelekea kuwa kubwa. Ilikuwa hivyo 1997, 2019 na 2023. La Niña, kinyume cha El Niño, huelekea kuikausha. Masika haina kamba ya kuishika namna hiyo, kwa hiyo utabiri wa Machi uchukue kwa hadhari na ufuatilie wa kila mwezi na kila wiki.

Chombo kingine kizuri, na wachache mjini hukisoma, ni taarifa ya kila mwezi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Hutolewa kwa kaunti kavu, zikiwemo Kajiado, Makueni, Taita Taveta, Kilifi na Kwale. Tafuta kipimo cha hali ya mimea kiitwacho VCI. Kikiwa zaidi ya 35 hali ni ya kawaida au nzuri. Kati ya 20 na 35 ni ukame wa wastani, kati ya 10 na 20 ni mkali, chini ya 10 ni wa kupindukia. Makueni na Kajiado zikikaa chini ya 20 miezi mitatu, anza kuhesabu pengo refu zaidi la mgao, hata kama mfereji wako leo unatoka kwa nguvu.

Pima kabla ya kununua tangi

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kununua tangi la lita 5,000 bila kujua kama mfereji wako unaweza kulijaza. Chukua mtungi wa lita 20 na saa, siku ya mgao, na ufungue mfereji hadi mwisho. Ukijaa kwa sekunde 80, unapata lita 15 kwa dakika, yaani 900 kwa saa. Ukijaa kwa dakika 4, unapata lita 300 kwa saa. Mgao wa saa 4 katika hali ya pili ni lita 1,200 tu, na ndani ya saa hizo mnafua na kuoga. Tangi la 5,000 litakaa nusu tupu mwaka mzima, likiota uchafu chini.

Pima na nguvu ya maji. Funga mpira wa plastiki angavu kwenye mfereji, uuinue polepole ukutani mpaka maji yaache kumwagika. Urefu huo ndio ambao maji yako yanaweza kupanda. Yakiishia mita 3 na tangi lako liko juu ya paa mita 7, halitajaa kamwe. Hapo weka tangi la chini lijazwe na mfereji, kisha pampu ndogo iyapandishe juu. Usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mji. Kwanza hairuhusiwi, na pili pampu hunyonya hata bomba likiwa tupu, ikavuta maji ya vyoo na mitaro kupitia nyufa. Jirani zako nao wanakosa kwa ajili yako.

Sasa hesabu mahitaji. Kwa maisha ya kubana, lita 40 kwa mtu kwa siku zinatosha kupika, kuoga, kuosha vyombo na choo. Watu 6 ni lita 240. Daftari lako likionyesha pengo refu kuliko yote la mwaka jana lilikuwa siku 7, ongeza siku 3 za hitilafu: siku 10 kwa lita 240 ni lita 2,400. Nunua tangi la 2,500 au 3,000. Usiende mbali zaidi ya hapo kama mfereji hauwezi kulijaza kwa migao miwili.

Na Ramadhani uiangalie. Miaka hii inaangukia Februari na kurudi nyuma kuelekea Januari, yaani katikati ya kaskazi. Kupika kwa futari na daku, wageni, na udhu wa tarawehe nyumbani huongeza matumizi, tena usiku, wakati ambao kwa wengi ndipo mgao hutoka. Ongeza angalau moja ya tano kwenye hesabu ya mwezi huo. Udhu kwa kata na beseni huhitaji lita 2 au 3. Chini ya mfereji ulio wazi, mara kadhaa ya hizo humwagika tu.

Kulisimamisha tangi

Lita 1,000 ni tani nzima, kwa hiyo tangi la 3,000 halikai juu ya matofali yaliyopangwa mkavu. Liwekee jukwaa la zege lenye unene usiopungua sentimita 10, lililosawazishwa, pana kuliko kitako cha tangi pande zote. Likining'inia ukingo mmoja, plastiki hupasuka pale pale, na hupasuka likiwa limejaa.

Weka boya la kufunga maji juu, paipu ya kumwagikia yenye wavu wa mbu, na koki ya kusafishia chini kabisa. Paipu ya matumizi itoke sentimita 5 hadi 10 juu ya kitako ili tope libaki chini. Wavu si pambo: mbu wa dengi huzaa kwenye maji safi yaliyotulia, na Mombasa imeshapata milipuko ya dengi zaidi ya mara moja. Mapipa ya uani nayo yafunikwe.

Kabla ya paipu kuingia tangini, mwambie fundi akuwekee mfereji wa kando. Maji ya kwanza baada ya siku za ukavu ni mabaya kuliko yote: bomba tupu limenyonya kila kilicholizunguka, na kutu imebanduka. Yaachie kwenye ndoo za choo na za kupigia deki mpaka yawe maangavu, ndipo ufungulie tangi. Wengi hawafanyi hivi, kisha hulaumu tangi.

Mvua ya kwako itumie pale inapofaa

Paa la mabati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 1, hukupa lita 60. Toa moja ya tano inayopotea. Mei hapa mvua hukaribia milimita 240: hizo ni zaidi ya lita 11,000. Februari hukaribia 15: lita 720, matumizi ya siku tatu kwa nyumba ile ya watu 6. Basi usidanganywe kwamba paa litakuvusha kaskazi nzima. Litakufaa mahali pawili. Mei na Novemba, pampu za Baricho zikisimama kwa mafuriko, mvua ndiyo hiyo inanyesha, na tangi la paa hujaa kwa usiku mmoja. Pili, tangi moja lililofungwa vizuri likijazwa na vuli linaweza kushika maji ya kunywa na kupikia peke yake: lita 4 kwa mtu, watu 6, siku 90, ni lita 2,160. Hilo litie kufuli na usiruhusu lifuliwe nguo.

Gata zipe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 2, na chuma za kushikilia kila nusu mita hadi mita moja, la sivyo mvua ya masika huzibinya katikati na maji kuruka nje. Maji ya kwanza ya paa yatupe: lita 1 kwa kila mita ya mraba, hasa baada ya wiki za ukavu, maana paa limekusanya chumvi ya bahari, mavi ya kunguru na vumbi. Kwa paa la mita 60 weka pipa la lita 60 kabla ya tangi, lenye tundu dogo chini linalojimwaga lenyewe. Paipu ya inchi 4 peke yake hushika lita 8 na kidogo kwa mita, kwa hiyo kipande cha mita moja ambacho mafundi hupenda kukiweka hakitoshi. Maji ya paa la makuti ni ya bustani na choo, basi.

Kisima na boza

Visima vya kisiwani vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na jiwe hilo linapitisha kila kitu: bahari kutoka kando, vyoo vya shimo kutoka jirani. Kadiri kaskazi inavyoendelea na watu wanavyochota, ndivyo chumvi inavyopanda. Kipimo kidogo cha mkono cha chumvi si ghali: chini ya miligramu 600 kwa lita (ppm) maji yana ladha njema, yakipita 1,000 hayanyweki kwa raha. Pima kila wiki kuanzia Desemba. Namba ikiruka, punguza kuchota na uchote alfajiri, maji yakiwa yametulia. Klorini haiondoi chumvi, na kuchemsha huiongeza.

Boza, yaani lori la maji, liagize kabla ya mtaa mzima kukumbuka. Tangazo la kufungwa kwa chanzo likitoka, bei ya siku ya kwanza si ya siku ya nne. Kabla mpira haujaingia tangini, jaza glasi: angalia rangi, nusa, onja, pima chumvi. Mwenye boza akikataa glasi moja, mwache aende zake. Mitungi ya mkokoteni ipime vivyo hivyo, na maji yake yatie dawa bila kuuliza.

Dawa, vipimo vyake

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe (bleach), isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, hutumika hivi. Mtungi wa lita 20: mililita 1.2, uipime kwa bomba la sindano la duka la dawa. Tangi la lita 1,000: mililita 60. Koroga, ngoja nusu saa, na unapaswa kusikia harufu hafifu ya klorini. Usiposikia, rudia kipimo hicho hicho mara moja. Maji yenye tope huila dawa yote, kwa hiyo yatulize kwanza: gramu moja ya shabu iliyosagwa kwa mtungi wa lita 20, koroga, acha saa kadhaa, mimina ya juu kwenye mtungi mwingine, ndipo utie klorini. Dawa ikikaa mwaka kwenye stoo yenye joto la hapa, nguvu imeshaondoka hata kama chupa haijafunguliwa. Soma tarehe.

Tangi lioshwe mara mbili kwa mwaka: mwanzo wa Desemba, kabla ya kaskazi, na mara baada ya masika kutulia, Juni au Julai, tope la mafuriko likiwa limeshapita. Limwage kwa koki ya chini, sugua kuta kwa brashi bila sabuni, suuza. Kisha lijaze maji na utie lita 1 na nusu ya dawa hiyo kwa kila lita 1,000, fungua mifereji yote ya ndani mpaka harufu ifike, funga, acha saa 12. Siku hiyo mtu yeyote asinywe wala kuoga. Mwaga maji hayo mbali na kisima na mimea, suuza mara mbili, lijaze upya.

Panga kazi hiyo siku ya kwanza ya mgao na si ya mwisho. Kuosha hula maji mengi, na tangi safi lililo tupu siku pampu zinaposimama halikusaidii.